Mkazi Mmoja wa Lindi

Kwa Mama Kavetsa,
Kongo, Kawangware,
Nairobi.
Jumapili, 16 Februari 1986

Mpendwa kaka Lusweti,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Musimbi, na kwamba ile baridi ya Leeds uliyoilalamikia imeanza kulegea. Sisi huku tu wazima. Mvua haijanyesha, vumbi la Kongo liko palepale, na kifua changu kinakohoa kama kawaida yake kila Februari. Mama Kavetsa, mwenye nyumba wangu, anauliza kila mara kama bado unakula ugali. Nimemwambia unakula, maana sikutaka maelezo marefu.

Kazi yangu ya kuandika mabango inaendelea. Mwezi huu nimeandika bucha mbili, kinyozi mmoja, na kanisa moja la Kisumu Ndogo lenye jina refu kuliko ukuta wake. Neno la mwisho ilibidi likunje kona. Mchungaji ameridhika.

Barua yako ya tarehe 29 Januari ilinifikia. Umesema baba mdogo Nyongesa alikutumia kipande cha gazeti chenye picha ya mdogo wako Wesonga akiwa na redio begani, kwamba umeaibika mbele ya shemeji, na kwamba ile barua ya kumwalika huko, ambayo chuo cha ufundi cha Leeds kinaitaka kabla ya mwisho wa Machi, hutaiandika tena. "Siwezi kumleta mwizi nyumbani kwangu." Hayo ndiyo maneno yako. Wesonga hajayaona. Mimi nimeyasoma mara nyingi kuliko yalivyohitaji kusomwa.

Nitakueleza mambo yalivyokuwa, moja baada ya jingine. Nakuomba usome mpaka chini kabla ya kukasirika. Nafasi ya kukasirika utaipata.

Inabidi nianze na ule mchezo wako. Unakumbuka lile sanduku ulilotutumia Krismasi ya mwaka 1984, la mchezo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, lenye kitabu kinene na dadu zenye pande nyingi? Mwanzoni tulidhani ni aina ya ludo. Sella, yule auzaye dagaa wa omena Kisumu Ndogo, ndiye aliyeketi akakisoma kitabu chote, na tangu siku hiyo akawa msimulizi wetu. Yeye anasema kuna hatari gani mjini, sisi tunasema mashujaa wetu watafanya nini, na dadu inaamua kama wataweza. Tulikuwa tunacheza kila Jumamosi mchana barazani kwa Mama Mabrouka, mwenye ploti ile ya Lindi, kule Kibera, ambako Wesonga alikuwa amepanga chumba. Baba yake Mama Mabrouka, Mzee Nasir, ambaye macho yake yameshafunga kabisa, alikuwa akiizima redio yake ili atusikilize sisi. Sanduku tulikuwa tunaliweka chini ya kitanda chake.

Sasa kitabu hicho kina ukurasa mmoja unaosema kwamba kila mji wenye mashujaa una magazeti pia. Shujaa akimaliza kazi, dadu inarushwa kuona gazeti litamwandika vipi. Namba ikiwa juu, anasifiwa. Ikiwa chini, analaumiwa: kwa nini amevunja daraja, kwa nini amechelewesha watu kazini, anaficha uso wake kwa sababu gani. Na kuna sharti, kwamba shujaa halijibu gazeti. Akijibu tu anapoteza pointi. Ukurasa huo tuliupenda kuliko kurasa nyingine zote, na kwa kuwa mimi hula kwa kuandika herufi kubwa, wakanipa mimi kazi ya kuwa Gazeti.

Niseme ukweli, kazi hiyo niliiweza. Nilikuwa naandika vichwa vya habari kwa brashi kwenye vipande vya katoni, kisha nawasomea kwa sauti ya mtangazaji. Baada ya miezi michache nikaacha hata kurusha dadu. Sifa haimchekeshi mtu, lakini lawama ilimfanya Mzee Nasir acheke mpaka ashike mbavu.

Aliyeumia zaidi ni Wesonga, ingawa sisi tulidhani haumii. Shujaa wake alikuwa fundi wa mabati kama yeye mwenyewe, ila huyu aliweza kupita katikati ya bati bila kuacha tundu. Yeye alimwita Mwewe. Mimi kwenye gazeti langu nilimwita Jambazi wa Mabati. Mwewe aliwahi kuokoa basi zima la watoto wa shule, nami nikaandika: JAMBAZI WA MABATI AKWARUZA BASI. Wesonga alisimama, akainama kidogo kama mtu anayepokea zawadi, akaketi. Hakusema neno. Sharti ni sharti.

Moto ulitokea Jumamosi tarehe 11 Januari, saa nane mchana. Tulikuwa hatujaanza kucheza. Jiko la mpangaji mmoja lilianguka, na nyumba za Lindi unazijua, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwenzake. Watu walitoa vitu, wengine wakamwaga mchanga na maji ya mitaro. Wesonga aliingia chumbani kwa Mzee Nasir akamtoa mgongoni. Hilo nililiona kwa macho yangu, na Sella aliliona.

Mzee alipowekwa chini, mbali na moshi, hakushukuru. Alianza kuita redio yake kama mtu anayeita mtoto. Ukifikiria, kwa asiyeona, ile redio ndiyo iliyokuwa dirisha. Mama Mabrouka alimwambia, "Baba, wacha redio, shukuru Mungu." Mzee hakuwacha. Wesonga akamtazama, akarudi ndani, akatoka na redio begani. Hiyo ndiyo picha uliyoiona.

Aliyeipiga ni mwandishi mmoja aliyekuwa amekuja Lindi kuandika habari za mifereji ya maji. Alikuwa amesimama karibu nami. Akaniuliza, "Yule anayetoka na redio ni nani?"

Kaka, nilikuwa na furaha. Mzee yuko hai, Wesonga yuko hai, na mtu ameshika kalamu na daftari ananiuliza mimi habari ya Wesonga. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa sauti ile ile ya mtangazaji: "Yule? Si ndiye Jambazi wa Mabati! Lindi nzima inamjua." Nikageuka kabisa kumwelekea yule mwandishi, nikaupa moto mgongo, nikaendelea kumchekesha. Nadhani nilisema pia kwamba hakuna bati la Kibera ambalo hajapita. Alikuwa anaandika haraka sana, nami nikaona raha, maana hakuna aliyewahi kuandika maneno yangu.

Baadaye alimfuata Wesonga mwenyewe akamuuliza kama ni kweli anaitwa hivyo. Wesonga alinitazama mimi, akacheka, akainama kidogo, akanyamaza. Alidhani ni mchezo unaendelea.

Kipande cha gazeti unacho, kwa hiyo sina haja ya kukinakili chote. Tazama tu mstari wa nne. "Mkazi mmoja wa Lindi ambaye hakutaka jina lake litajwe alisema mtu huyo ni maarufu kwa jina la Jambazi wa Mabati." Tazama na ule wa mwisho: "Alipoulizwa, alikataa kujibu madai hayo." Kila neno hapo lilisemwa, isipokuwa hilo la jina. Mimi sikukataa. Hakuniuliza.

Mkazi huyo ni mimi, Khamala, mtoto wa baba yako mdogo.

Polisi walimchukua Wesonga Jumatatu asubuhi, gazeti lilipotoka. Alikaa siku nne. Alhamisi Mama Mabrouka alimshika Mzee Nasir mkono, wakatembea hadi kituoni, na Mzee akasema redio ni yake, na aliyeileta ndiye aliyemleta yeye. Wakamwachilia siku hiyo hiyo bila mashtaka. Hilo halikuandikwa popote.

Nilikwenda mjini kwenye ofisi za gazeti lile. Mtu wa kaunta, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aliniambia niandike barua kwa mhariri. Niliandika. Baada ya wiki mbili walichapa mistari miwili, chini ya matokeo ya mbio za farasi, kwamba Bwana Wesongo hakuhusika na wizi wowote. Waliandika Wesongo. Wala siwezi kuwalaumu sana, maana nami barua yangu sikuitia jina. Nilitia sahihi "Mkazi wa Lindi", na Lindi hata siishi.

Tangu chumba chake kilipoungua Wesonga analala kwangu hapa Kongo. Ni wiki ya tano sasa. Anaamka mapema, anakunja godoro, anachemsha chai ya watu wawili. Mtu mmoja wa Kawangware alikuwa amempa kazi ya kuezeka, akaona picha, akampa mwingine. Wesonga alinisimulia hayo huku akimenya viazi, kama anayesimulia habari za mtu wa mbali.

Jambo moja tu ndilo hulirudia. "Msee, nisaidie kumtafuta huyo mkazi," ananiambia. "Simtaki ubaya. Nataka tu kumuuliza nilimkosea wapi." Amekwishauliza kinyozi, amemuuliza Sella, amewauliza wapangaji wote wa ploti. Jumapili iliyopita nilitembea naye Lindi nzima, nyumba hadi nyumba, tukimtafuta. Tukirudi tulipita Kisumu Ndogo, na Sella alikuwa mlangoni pa duka lake. Alinitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Khamala, mchezo uliisha. Utamwambia lini?" Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nina aibu, kaka, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Kuna na mkono wake wa kushoto. Umeungua kiganja na vidole viwili, unapona polepole. Nikimuuliza aliungua saa ngapi anasema ni bati tu. Lakini kwenye picha, alipotoka na redio, mikono yote miwili ni mizima, nawe unaweza kuitazama. Hilo sijalielewa. Sanduku la mchezo pia sijaliona tangu siku ile, nadhani liliungua na kitanda cha Mzee. Samahani kwa hilo.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimeandika ili ujue kwamba gazeti ulilosoma nililiandika mimi, na kwamba yule aliye kwenye picha aliingia kwenye moto mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mtu na ya pili kwa ajili ya redio ya mtu. Ile barua ya mwaliko mwandikie. Machi haiko mbali na posta unazijua. Ukitaka kukata mtu, nikate mimi.

Barua hii sikuifunga. Jioni hii nitampa Wesonga ndiye aipeleke posta kesho, na nitamwambia aisome kwanza. Nimemtafuta huyo mkazi pamoja naye vya kutosha.

Nisalimie shemeji Musimbi, na yule jirani yenu Muema wa Machakos aliyewapokea mlipofika. Mama Mabrouka na Mzee Nasir wanakusalimu. Mzee anasema redio inakoroma kidogo lakini stesheni zote zinashika. Sella naye anakusalimu, anauliza kama huko kuna omena.

Mungu akutunze ugenini, akufungulie njia, na akulainishie moyo kwa ndugu yako hata kama kwangu utabaki mgumu.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, na safari hii natia jina,

Khamala

Kaka, ni mimi Wesonga. Khamala amenipatia barua akatoka nje, ati anaenda kuchanganya rangi. Jioni hii, rangi ya nani? Nimesoma yote. Hiyo yako ya "mwizi" pia nimeisoma, iko hapo juu.

Kuna pahali amekosea. Anasema niliingia mara mbili. Niliingia tatu. Ya tatu hakuona, alikuwa amepea moto mgongo akibonga na msee wa gazeti. Nilikuwa nimefuata sanduku yako. Nilishika kona moja, ikabaki kwa mkono, ingine yote ikaanguka ndani.

Wacha nimuite, chai inapoa na anakohoa huko nje. Mambo ya mwaliko ni yako na Mungu. Pole kwa sanduku. Nilijaribu.