Foleni ya ndoo Newala

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Ndoa tamu, Mama. Mume wangu hunimenyea hata muhogo. Nimemsindikiza kwenye utafiti wake wa kuzuia wizi, na leo tulifika bombani. Maji huku ni ya shida, kwa hiyo watu hupanga ndoo foleni, kisha huenda shamba. Zamani ndoo ziliibwa sana. Mume wangu akauliza walizuiaje.

"Mwizi tulimjua, tukamkabidhi foleni ailinde," alijibu msimamizi wa bomba, kisha akanigeukia. "Ndiye huyo aliyekupa kigoda, mwanangu."

Mwenyewe akacheka. "Sasa nimwibie nani, na ndoo zote ni zangu?"

Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilimkumbuka jirani yetu Mama Sofia. Alichukua debe moja la korosho zetu, nami nikasimama mkutanoni nikamtaja, mpaka akahama kwetu Lupaso kwa aibu. Hakuna aliyefikiria kumpa ghala alilinde.

Mama, nenda Chiwata kwa kaka yake Mama Sofia, alikohamia, umwombe arudi. Mwambie nitasimama tena mkutanoni, safari hii kumwomba radhi.

Nakupenda. Usibebe ndoo nzito peke yako.

Mwanao, bibi harusi wako