Neno la Kwenda Nalo Kazini

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Na wifi yangu je? Yule mtundu wenu, meno ya mbele yameshaota? Mimi ni mzima wa mwili. Magoti yananisumbua, lakini hayo yamenisumbua tangu nikiwa msichana, kwa hiyo hatuyahesabu.

Kazi ipo. Shule zinakaribia kufunguliwa na nimezama kwenye sketi za marinda. Mchana wateja wananichangamsha. Shida yangu ni asubuhi.

Unakumbuka mimi na shemeji yako tulivyokuwa tukisoma Biblia kabla ya kazi. Alisoma kifungu kifupi, taratibu, mara mbili. Tukanyamaza. Kisha kila mmoja akataja neno moja lililomgusa, tukaliombea, na neno hilo ndilo tulilokwenda nalo kazini. Alizoea kunitania kwamba kifungu kikiwa na neno meza au mkate, sioni kingine.

Tangu tulipomzika nimeshindwa. Nilisoma, nikanyamaza, nikataja neno langu, nikabaki namngoja ataje lake. Kimya kile kilinivunja. Nikaanza kusoma sura nzima nzima, mbio mbio, nisije nikapata nafasi ya kunyamaza. Kanisani wananisifu eti nasoma sana. Ukweli nilikuwa nakimbia, na nikaanza kuogopa kwamba sala yangu tuliizika pamoja naye.

Juzi nikafika kwenye Zaburi ya mchungaji. Ile iko kichwani, naweza kuipita nimefumba macho. Nilikuwa nakimbilia kwenye meza iliyoandaliwa, kama kawaida yangu, neno “bonde”, lile bonde la uvuli wa mauti, likanishika. Sikulitaka. Nikajaribu kuendelea, macho yakarudi palepale. Basi nikatulia nalo, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mwanzoni yule mtu anasimulia habari za Mungu, lakini akifika bondeni anaacha kusimulia, anaanza kusema na Mungu mwenyewe.

Nami, mdogo wangu, miezi yote hii nimewaambia watu kwamba Mungu ni mwema. Yeye mwenyewe sikuwa nimemwambia kitu. Nikamwambia nimebaki peke yangu, na inauma. Nililia mpaka nikalowesha sketi ya mtu, ikabidi niipige pasi upya.

Sikusikia jibu, na sitakudanganya kwamba upweke umekwisha. Upo, nakula nao, nalala nao. Ila asubuhi ile nilikaa kimya mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, niliyekuwa namngoja hakuwa shemeji yako.

Msalimie sana wifi, mkumbatie mtundu wetu, na shangazi akipita hapo mwambie namkumbuka katika sala. Bwana awe nanyi mkitoka na mkirudi.

Wako akupendaye, hata kwa mbali huku,
Dada Marinda