Bega la Edsoni

Alhamisi

Kumbe kumwambia mtu apumzike ni rahisi, kama humfuati kwao ukaona anapumzika vipi.

Edsoni ndiye mtupaji wa timu yetu ya besiboli, na mechi ya Jumamosi iliyopita alitupa mipira yote peke yake. Alimaliza ameshika bega. Mimi kocha nikamkataza kutupa hata jiwe mpaka mechi ya keshokutwa. Nilijiona najua kazi yangu.

Leo nimepita kwao Mabawe kumjulia hali. Nikamkuta kwenye migomba analima, kwa mkono uleule. Hasira zikanipanda.

Kabla sijafungua mdomo, mama yake akaja amenyoosha mikono miwili. "Karibu mwalimu! Asante kwa kuturudishia huyu kijana. Kila jioni alikuwa mpirani. Sasa maharage tutawahi mvua."

Nilipanga mapumziko ya mpira. Jembe sikulifikiria kabisa, na mimi mwenyewe nimekulia shambani.

Nikamwambia Edsoni aweke jembe chini. Akaliweka, shingo upande. Mama hakubisha. Aliliokota, akaendelea pale mwanawe alipoishia, na kila akiliinua alikuwa anakunja uso kama anayeumwa bega.

Jumamosi bado sijui nani atatupa. Lakini kinachoninyima usingizi ni lile bega lingine, ambalo hakuna mtu amewahi kulipangia mapumziko.