Tarehe ya Upasuaji Uliyoifuta

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Alhamisi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu kwanza, maana hasira haijanisahaulisha adabu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na kile kikohozi cha baridi kimekwisha? Sisi huku tu wazima, ila moyo wangu, na habari zake unajifanya kuzijua kuliko mimi, kwa hiyo sitakuchosha.

Nimekukasirikia. Nimekaa na hasira hii wiki tatu nikidhani itapoa, haikupoa.

Jumatatu ile nilifika hospitali saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeaga kazini, nimemkabidhi msaidizi wangu funguo za chumba cha kufulia, nimemwonyesha na ile mashine inayorukaruka ikijazwa mashuka. Binti yangu alinibebea mto. Muuguzi wa mapokezi akapitisha kidole kwenye orodha, akakipitisha tena, akaniuliza mbona nimekuja, na ndugu yangu alishapiga simu kusema familia imeamua niendelee na vidonge. Kitandani kwangu alikuwa amelala mtu mwingine. Nikarudi nyumbani na mto wangu.

Familia gani hiyo iliyoamua, na mimi simo?

Kosa la kwanza ni langu, nakiri. Kwenye fomu, pale wanapotaka ndugu wa kuulizwa, niliandika namba yako badala ya ya binti yangu. Nilitaka kujishaua tu, waone nina mdogo wangu msomi ng'ambo. Lakini wewe umesomea majengo. Unajua zege. Mambo ya moyo hatuyajui sote wawili, isipokuwa huu mbovu ninao mimi.

Ukanitumia kurasa kumi na moja za mtandaoni, kwamba wapo wanaotumia dawa tu na wanaishi vizuri. Nani kakataa? Mpishi wetu pale hotelini ana ugonjwa huuhuu, anameza vidonge vyake na anapanda ngazi akiimba. Hata mimi daktari alinianzishia dawa. Miaka miwili, mdogo wangu, sijaruka hata siku moja: cha asubuhi, cha jioni, na kile cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Zamani kichupa kimoja cha hivyo vya ulimi kilimaliza miezi. Siku hizi nakitafuta hata nikikunja foronya tu.

Hilo halimo kwenye kurasa zako. Kutoka chumba cha kufulia hadi kwenye kamba za kuanikia kuna ngazi kumi na nne. Nasimama mara tatu, najifanya nahesabu taulo ili wasichana wa kazini wasinishtukie. Daktari alinionyesha picha: mishipa mitatu ya moyo imeziba nusu, na mmoja umebana palepale unapoanzia. Akasema kwa hali yangu dawa peke yake hazitanifikisha mbali, afadhali nipasuliwe, wachukue mshipa wa mguuni wauunge damu ipate njia nyingine. Hakunificha kwamba wapo wasioamka. Nilimwuliza mara mbili, akanijibu mara mbili. Kisha akataka kujua mimi mwenyewe naonaje. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza.

Najua unachoogopa, na usinidanganye kuwa ni utafiti. Baba alipopasuliwa tumbo ulikuwa na miaka tisa, ukakaa kwenye benchi la korido umepakata viatu vyake mpaka walipotoka kutuambia. Mimi ndiye niliyekubandua vidole, kimoja kimoja. Nilikuonea huruma siku ile na bado nakuonea. Ila woga wako usiupachike jina la familia. Siku ile ilikuwa yangu, ukaichukua bila hata kubisha hodi.

Basi nimerudi hospitali, nimeikata namba yako kwa kalamu yangu mwenyewe na kuandika ya binti yangu. Wamenipa siku nyingine, Jumanne hii inayokuja. Ndiyo maana unapata barua. Kwenye simu ungenikatiza, halafu ungelia, nami ningelegea. Nakujua, na najijua. Nimeulizia posta: ya haraka inafika kwa siku tatu, ya kawaida wiki mbili. Hii naituma kwa njia ya kawaida. Ukifika mstari huu nitakuwa nimeshapasuliwa.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Binti yangu anakusalimu. Mama mdogo hakusalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuunga mkono kwenye simu ulipotaka kuifuta tarehe yangu, na tangu siku hiyo mimi na yeye tunaongea kwa kutumia watoto wa jirani. Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo mzima kuliko huu wangu.

Ukimaliza kusoma, mpigie mpwa wako. Muulize naendeleaje, usimuulize kingine. Siku hiyo viatu vyangu atakuwa navyo yeye. Nimemkataza kuvipakata. Nimemwambia aviweke sakafuni, ncha zikitazama mlangoni, maana nitavivaa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na hasira zangu zote.