Nani Hupumzika Amesimama?

Muhoroni,
Jumapili

Dada yangu Wakesho,

Natumaini goti lako limeisikia dawa na mvua imewafikia huko Voi. Huku imetusahau, na ikitukumbuka huja yote kwa siku moja na kuondoka na daraja. Mwili wangu ni mzima. Hasira yangu nayo ni nzima. Uliisikia kwenye simu, ukalia, ukakata. Ndiyo maana naandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi.

Umeniambia Katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi alikupigia, mtu mpole, mwenye heshima, akakuomba unisihi nitie sahihi karatasi moja ndogo ili nisipoteze kazi. Dada, hukujiuliza namba yako aliitoa wapi? Aliitoa kwenye fomu yangu ya uanachama, pale nilipojaza jina la ndugu wa kujulishwa nikifa. Sijafa. Ametumia namba ya msiba kunitishia kupitia kwa mtu aliyenilea. Huo ndio upole wake.

Sasa nikueleze karatasi hiyo inasema nini, maana yeye hakukueleza.

Unajua mimi ni karani wa mkandarasi wa kukata miwa, na ni mwakilishi wa wafanyakazi huko shambani. Jua la hapa si lile nililolikuta nilipokuja. Siku hizi ikifika saa nne asubuhi mpini wa panga unachoma kiganja, na kwa kuwa miwa huchomwa kwanza ili majani yaishe, joto linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye majivu chini. Watu wanatapika. Wanakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Mwaka jana chama kilitupeleka Kisumu, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, tufundishwe habari za tabianchi. Ukumbi ulikuwa na baridi hata Katibu akatuma koti lake liletwe kutoka kwenye gari. Hapo, akiwa amevaa koti, akahutubia kuhusu joto.

Nilirudi na kifungu cha mkataba nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe: siku za jua kali, kazi isimame kuanzia saa sita hadi saa tisa. Mkandarasi alikubali upesi, nami nikafurahi kama mjinga. Nilipaswa kujua kwamba tajiri akikupa kitu bila kubishana, ameona shimo ambalo wewe hujaliona.

Shimo lenyewe ni hili. Mkataji hukata kipande chake na kupanga miwa rundo. Lakini rundo si lake mpaka nyapara alipime kwa fimbo na kulifunga kitambaa chekundu. Kabla ya hapo ukiondoka, utalikuta limepungua, au limehamia kwa jirani. Kwa hiyo kila mtu hulinda rundo lake, na nyapara wetu, Bwana Sila, hapimi mpaka trekta ifike, na trekta hufika saa nane, saa tisa. Miaka yote nimekaa kwenye shamba lile na kalamu yangu, nimeona watu wakisimama kando ya marundo, na bado nikaandika kifungu cha mapumziko bila kuandika neno moja juu ya kupima. Kosa hilo ni langu. Silikwepi.

Okoth, mkataji ambaye sisi tunamwita Baba Akinyi, aliniona nikibandika tangazo kwenye ubavu wa tela. Alisoma polepole, akafuta jasho, akasema, "Omera, ndugu yangu, hii karatasi yenu iko na kivuli?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumanne moja saa sita ilipofika, alitii chama. Aliacha kukata, akasimama kando ya rundo lake kulilinda. Miti iko ng'ambo ya mtaro, mwendo wa dakika kumi. Alimwomba Sila ampimie aende kivulini, Sila akamwambia angoje trekta. Akangoja. Saa nane kasoro alianguka juu ya miwa yake mwenyewe. Sasa yuko hospitali, na daktari amemwambia mkewe kwamba figo zimechoka. Mtu ambaye sijawahi kumwona mgonjwa hata wa mafua.

Ndipo mkandarasi akatoa kifungu changu. Akasema Okoth hakuumia kazini, kwa sababu saa ile ilikuwa ya mapumziko, na chama chenyewe ndicho kilichoitaka. Akiandikwa kwamba aliugua akiwa mapumzikoni, matibabu ni shauri lake na watoto wake. Na Katibu, mlinzi wetu, badala ya kumgongea meza, aliandaa taarifa ya shahidi. Pale palipoulizwa mgonjwa alikuwa akifanya nini, ameandika neno moja: "Kupumzika." Chini yake pameachwa nafasi ya sahihi yangu.

Hiyo ndiyo karatasi ndogo, Dada.

Aliniita ofisini kwake. Mama Akinyi alikuwa hapo, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, hakuna aliyempa hata maji. Katibu akaanza kunieleza habari za uhusiano mwema na mwajiri, na kwamba tukileta vurugu tutapoteza kifungu chote cha joto. Mama Akinyi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza taratibu, "Bwana Katibu, nani hupumzika akiwa amesimama?"

Katibu akaangalia simu yake.

Mimi nikachukua fomu ya serikali ya kuripoti ajali za kazini iliyokuwa mezani, pale pale, nikajaza kwa wino: "Kulinda rundo lake, kwa amri ya nyapara." Nikaweka sahihi, nikaipeleka mwenyewe kwa afisa wa kazi kabla hajafunga. Kesho yake nikapewa barua ya kusimamishwa kwa utovu wa nidhamu, na chama kimesema hakitanitetea nisipotia sahihi ile ya Katibu.

Unaniambia Baba alifanya kazi ya mkonge maisha yake yote bila kumjibu nyapara, na akatulea. Ni kweli. Baba alinyamaza kwa sababu hakuwa na chama. Mimi ninacho, nakilipia kila mwezi, na sasa kinanitaka ninyamaze kama Baba. Basi tofauti yetu ni nini, risiti?

Lakini sikiliza kilichotokea Alhamisi, nami sikuwapo, nimesimuliwa na watu watatu kwa namna moja. Saa sita kasorobo wakataji walimwita Sila awapimie kabla ya mapumziko. Akakataa, trekta haijaja. Basi wakaondoka. Wote, kwa mara moja, wakavuka mtaro na kwenda kwenye miti. Hakuna aliyebaki, kwa hiyo hakuna wa kuiba rundo la mwenzake. Miwa yote ya mkandarasi ikabaki na mlinzi mmoja, naye ni Sila na fimbo yake, katikati ya majivu, kwa muda wa saa mbili nzima. Kisha naye akavuka mtaro, midomo imekauka, akaomba maji. Wakampa. Mzee mmoja akamuuliza, "Bwana Sila, umepumzika vizuri?"

Ijumaa alipima saa tano na nusu. Na alasiri hiyo hiyo alienda kwa afisa wa kazi akakiri kwamba ndiye aliyemwambia Okoth angoje. Shauri halijaamuliwa. Mimi bado sina kazi. Sitasaini, na sitarudi nyumbani kabla Okoth hajaandikwa kwamba aliumia kazini, kwa sababu kalamu iliyompeleka pale juani ilikuwa yangu.

Msalimie shemeji, umwambie asiuze mbuzi kwa ajili yangu. Msalimie shangazi yetu wa Mwatate, na mama mkwe wako anayeniombea kanisani. Asiache, ila aongeze jina la Okoth. Ile karatasi ya Katibu nimeikunja humu ndani ya bahasha. Nakala ninayo. Akikupigia tena, mwambie imefika, haina sahihi, na umeitumia kuwashia jiko. Kisha muulize lile swali la Mama Akinyi, usubiri ajibu.

Ndimi mdogo wako uliyemfundisha kusoma,
Mwadime