Calvince na kamera ya Perpetua

Ivy, acha hiyo kazi usome hii.

Leo Calvince alikuwa anakaribisha wanafunzi wapya wa masomo ya mbali kwa Zoom. Hotuba amekataa. Eti zinaboa, watu wacheze densi ndio wazoeane.

Akasimama akaanza yeye. Na kaptula. Kiuno, Ivy, kiuno chote.

Kila mtu akawasha kamera isipokuwa Perpetua fulani. Calvince akamkazania, "Perpetua, hapa hakuna kuoneana aibu. Washa tukuone."

Akawasha.

Mama mkwe wa Calvince mwenyewe. Mamake Beldina, yule muuza samaki wa omena pale soko la Otonglo. Kumbe alijiandikisha kimya kimya.

Na unajua kwetu mama mkwe haitwi kwa jina. Miaka yote kwake ni Mama tu, hilo jina Perpetua angelijulia wapi? Hata meza moja hawali, sasa amemtingishia kiuno.

"Tukuone." Amemwambia mama mkwe "tukuone".

Mama akajibu polepole, "Nimekuona, baba. Endelea."

Calvince akazima kamera, akakaribisha waliobaki akiwa gizani.

Saa hii bosi amempigia kumpongeza. Wanafunzi wamemchagua awe mlezi wao mpaka wahitimu.

Aliyempendekeza ni Perpetua.