Mti wa Dada Yako Ulivyokuwa Shahidi

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu za mzee wako mwenye meno sita. Yalikuwa saba ulipoandika, ila barua yako ilichelewa. U hali gani? Goti linasemaje? Na mumeo, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua jenereta? Sisi tu wazima. Mgongo wangu unanilalamikia kila asubuhi, nami naulalamikia vilevile, tunaelewana.

Mwanangu fundi cherehani anakusalimu. Ameshona pazia la sebuleni refu kupita dirisha, linajiburura sakafuni. Nikamwambia sasa ufagio tuugawe. Amenuna siku mbili.

Haya. Najua unapitisha macho harakaharaka ukitafuta jambo moja. Uliuliza habari za mti wa dada yako, ule mparachichi mliouotesha nyinyi wawili kwenye kopo la rangi kabla sijamwoa. Ndiyo maana nilianza na pazia.

Shemeji, mti unakufa. Na aliyeuponza ni mimi.

Mwaka juzi miparachichi ya huku ilianza kunyauka. Majani ya njano, matunda kama mayai ya njiwa, matawi yanakauka kuanzia nchani. Akaja binti mmoja wa kituo cha utafiti na mabomba ya sindano makubwa kama ya ng'ombe. Tukambatiza Bibi Sindano. Anatoboa shina, anachomeka sindano, mti unainywa dawa polepole. Alinieleza mengi juu ya ugonjwa wa mizizi, lakini mimi nilikuwa nazitazama zile sindano nikishukuru kwamba sikuzaliwa mparachichi.

Akataka kila mkulima atoe miti miwili iliyougua sawasawa. Tukapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia yangu. Mti wa dada yako ukapata kibao cha DAWA. Ule wa karibu na choo ukapata SHAHIDI.

Hapo elimu yangu ya darasa la nne ikapanda kichwani. Nikasema, huu wa chooni, uliojiotea wenyewe, haujazaa tunda la maana tangu uote, leo ndio uitwe shahidi? Shahidi ni mtu wa heshima, huitwa mbele za watu akaaminiwa. Na dawa ni ya wagonjwa. Mti wa marehemu sikutaka kuuita mgonjwa. Binti alipokwenda kunawa mikono nikabadilisha vibao. Akarudi, akadunga palipoandikwa DAWA, akaandika daftarini. Nami pembeni nacheka kimoyomoyo kama mtoto aliyelamba sukari.

Miezi ikapita. Wa chooni ukachanua bila haya. Wa dada yako ukalegeza majani. Nikadhani ni kiu, nikawa naumwagia ndoo mbili kila jioni. Ukizidi kulegea, naongeza ya tatu.

Mwezi uliopita binti alikuja kupima. Akafukua kidogo, akatoa mizizi myeusi, inakatika kama njiti za kiberiti zilizoungua.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu shahidi mbona humpi dawa?"

"Babu, shahidi ndiye asiyepewa. Tunamwangalia yeye ili tujue dawa imemsaidia nini mwenzake."

"Kumbe shahidi wa kufa!"

"Kwani wewe ulidhani shahidi gani?"

"Wa mahakamani."

Akacheka, halafu akaniona uso, akaacha. Nikamwambia habari ya vibao. Alikaa chini palepale kwenye udongo na suruali yake safi. "Babu, si ungeniuliza tu?" Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua daftari akapiga mstari juu ya shamba langu lote, maana kura ikishachezewa hesabu zake haziaminiki. Kwa hiyo mti unakufa, na hata ushahidi wake haukupokelewa.

Nikamsihi audunge sasa. Akaudunga sindano nne, kwa kunionea huruma tu. Dawa hulinda mizizi iliyo hai, akasema, iliyooza hairudishi. Nikaomba akate vijiti tubebeshe kwenye mche mwingine, viungane na kuota humo. Akapapasa tawi kwa tawi, hakupata chipukizi la kufaa. Kisha akaniambia neno lililonimaliza: "Na maji usiumwagie tena, Babu. Ugonjwa huu unatembea na maji."

Ndoo zangu, shemeji. Zile ndoo zangu.

Unakumbuka wiki ya mwisho ya dada yako hospitalini, walipobandika karatasi kitandani asipewe chochote mdomoni, nami nimesimama na chupa ya uji? Basi ndivyo nilivyo tena.

Nitukane utakavyo, una haki, wino ni wako. Kama nauli na goti vinakuruhusu, njoo kabla majani hayajaisha. Nisalimie mumeo mkoromaji, wanao wote, na yule wifi yako mwenye sauti ya king'ora. Mungu akutunze, akupe afya niliyoikosa mimi na akili niliyoikosa zaidi.

Jioni bado natoka na ndoo, miguu imezoea. Nikifika naigeuza juu chini, naikalia, natazama mpaka fundi aniite ndani.

Wako akupendaye na kukuchokoza,
Shemeji yako, mwenye ndoo tupu.